Korosho Juu ya Namba

Wa kwanza kuuza kuponi mtandaoni hapa Nachingwea nilikuwa mimi. Nalisema mapema, kabla sijafika kwenye yale yasiyonipa sifa, kwa sababu kwa muda mrefu hilo ndilo jambo nililotaka watu walijue, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kuponi zenyewe zinatoka kwenye duka moja la jumla lenye matawi mawili, moja hapa kwetu jirani na stendi, jingine Ruangwa. Msimu wa korosho, wakulima wakishalipwa, duka hilo humpa kila anayenunua mzigo mkubwa kikaratasi kigumu cha upana wa kiberiti, chenye namba ya tarakimu nane. Mwenye nacho akirudi kununua kitu cha maana, godoro, jiko la gesi au bati za kuezekea, anapunguziwa bei. Hakina jina la mtu. Anayekuja nacho ndiye mwenyewe, na kikishatumika mara moja, tawi lolote, kimekufa.

Mimi nauza chai na vitumbua pembeni ya duka hilo, upande wa kivuli. Kutoka kwenye kigoda changu niliona kuponi zilivyokuwa zinaishia. Mkulima wa Chiola au Mkotokuyana anatoka dukani na mchele, sukari na mafuta, mzigo unafungwa kwenye pikipiki, kikaratasi kinaingia mfuko wa shati, na shati linakwenda kufuliwa. Hana haja ya kurudi mjini mpaka msimu mwingine, na hapo kuponi imeshapitwa na muda. Wengine waliikunja wakachokolea meno. Mzee mmoja alinipa yake kwa vitumbua viwili, akaondoka harakaharaka kama mtu aliyenipunja.

Nikaanza kuzikusanya. Mwalimu mmoja aliyekuwa akinywa chai kwangu kila asubuhi alisema anataka kununua godoro, nikamuuzia kuponi mbili, akarudi na furaha na kuniunganisha kwenye kundi la mtandaoni la watu wa huku wanaouziana vitu: viti, kuku, viwanja, nguo za mtumba. Nikawa napiga picha kuponi, naiweka pale, anayeitaka ananitumia pesa kwa simu na mimi namtumia namba. Duka linapokea namba hata bila karatasi, maana wateja wengi wanatoka mbali.

Ugumu ulikuwa kwenye picha. Ukiionyesha namba yote, yeyote anaweza kwenda kaunta akaitaja na wewe ukabaki na karatasi isiyo na kazi. Nilijaribu kufunika kwa kidole gumba, lakini mkono mmoja umeshika kuponi na mwingine umeshika simu yenye kioo kilichopasuka, picha zilitoka kama zimepigwa kwenye moshi. Siku moja nikaiweka kuponi juu ya meza na korosho ghafi juu yake. Ile korosho, na tumbo lake lililopinda, ilikaa sawasawa juu ya tarakimu nne za mwisho. Watu kwenye kundi wakacheka, wakapenda. Wakawa wanauliza, "Kuponi za korosho zipo leo?" Nilijiona mtu.

Nieleze sasa habari za nyumbani, kwa sababu wivu wangu haukuanzia kwenye simu.

Baba alitangulia, na mama akafuata. Mama alipofariki nilikuwa kidato cha pili. Hakuna aliyenifukuza shule. Niliitundika sare kwenye msumari ukutani nikijiambia ni kwa muhula mmoja, nikachukua kikaango cha mama na kukaa alipokuwa anakaa. Mdogo wangu anayenifuata alikuwa darasa la tano. Wa mwisho alikuwa hajatimiza miaka mitatu, nilikuwa nampikia uji mkono mmoja na vitumbua mkono mwingine. Sare ilikaa msumarini mpaka yule anayenifuata alipofaulu kwenda sekondari. Siku hiyo niliishusha, nikaifua, nikapunguza kiuno cha sketi, nikamvalisha. Akageuka mbele yangu. Ilimkaa vizuri kuliko ilivyonikaa mimi. Nilimsifu, na nilimaanisha, lakini usoni kwangu kulikuwa na kitu nilichomficha kwa kuinama kutafuta sindano.

Alimaliza kidato cha nne na kupata kazi ya steshenari Ruangwa, kuchapa barua za watu na kutoa nakala. Ni mimi niliyemwita kwenye kuponi. Ruangwa kulikuwa na watu wengi waliohamia kikazi, wanapanga vyumba, wanahitaji magodoro na majiko, na mimi kutoka huku sikuwafahamu. Tukapatana kwamba nikusanye huku, nimpelekee kwa basi ndani ya bahasha, yeye auze kule, na tugawane. Nilimwingiza kwenye kundi letu, awaingize na wateja wa kule, nikamfundisha kila kitu, pamoja na korosho. Nikampa na fungu la korosho zenyewe, kana kwamba Ruangwa hakuna.

Msimu haukufika katikati akawa amenipita.

Tangazo langu lilikuwa refu, linaanza na salamu na kumalizia na kumshukuru Mungu, na katikati mtu anatafuta bei haioni. La kwake lilikuwa na mistari mitatu. Aliweka kuponi juu ya kitenge safi, kwenye mwanga wa dirisha, na korosho yake aliipangusa kwanza ikang'aa. Mteja akiuliza, anajibiwa kabla hajaweka simu mfukoni. Mimi ningekuwa nageuza vitumbua. Wateja wakaanza kumwita "dada wa kuponi." Mimi, ambaye nina miaka ishirini na sita, waliniita "yule mama wa vitumbua." Hata yule mwalimu wangu wa kwanza, anayekunywa chai mbele ya macho yangu, siku moja aliniambia bila ubaya wowote kwamba kuponi ya jiko ameichukua kwa mdogo wangu.

"Lakini imetoka kwangu hiyo," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyempelekea."

"Najua," akasema, akipuliza chai. "Ila yeye anaeleza vizuri."

Nilimwongezea kitumbua kimoja cha bure ili asione ninavyojisikia.

Ikawa tabia yangu kuangalia stetasi zake. Nilinunua bando kwa ajili hiyo. Niliziangalia asubuhi kabla ya kuwasha moto na mchana nikiosha vikombe. Kila alipoandika "Imeshachukuliwa, asanteni sana wapendwa," nilipaswa kufurahi kwa sababu nusu ni yangu, na nilikuwa naumia. Nikimtumia bahasha, nilizisoma namba moja moja kwa sauti kabla ya kuziba, na zilibaki kichwani. Shuleni namba zilikuwa zangu. Historia ilinishinda, Kiingereza kilinishinda, lakini namba nikiisikia mara moja inakaa. Nilijiambia nazisoma ili zisipotee njiani. Sasa naona nilikuwa nazishika, kama mtu anayeshika ncha ya kanga ya mwenzake asiondoke.

Mwaka huo mdogo wetu wa mwisho alimaliza darasa la saba. Likizo ya Desemba ilipokaribia, mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu mama, anayeishi Lionja, alisema wakati umefika wa kumwingiza mtoto unyagoni. Ya ndani ya unyago siyasemi. Nitasema la nje, ambalo kila mtu huliona. Kwetu, siku mwali anapotolewa, hutandikwa mkeka katikati ya uwanja. Mama yake hukaa hapo, miguu ameinyoosha. Mwali huletwa amefunikwa kanga kichwa kizima, hukalishwa katikati ya miguu hiyo na kuegemezwa kifuani. Mama ndiye anayemfunua na kumpaka mafuta utosini, na hapo ndipo watu wanaanza kumtunza kwa noti. Mimi nilitolewa hivyo, mama nyuma yangu. Mdogo wangu anayenifuata alitolewa mama akiwa hayupo, na bibi alikuwa bado ana nguvu, akakaa yeye. Sasa bibi naye ameondoka.

Tangu mtoto yule ana miaka mitatu nilikuwa naungojea mkeka ule. Sikuwa na cheti, sikuwa na mume, wachumba wawili walikuja wakaona watoto nyuma yangu wakakumbuka shughuli nyingine. Nilikuwa na jambo moja tu la kuonyesha mbele ya watu, na lilikuwa linakua kila mwaka, linabadilisha viatu. Nilijua hata kanga nitakayovaa.

Mama mdogo alipiga simu nikiwa nakanda unga.

"Mwanangu," akasema, "mkekani mwaka huu nimeona akae mdogo wako."

Nilimuuliza kwa nini.

"Si ndiye anayehangaika? Vitenge kaleta yeye. Kungwi kampa chake yeye. Kila siku ananipigia, mama mdogo kimebaki nini. Wewe umeshafanya yako, pumzika."

Mpaka leo sijui neno lililoniuma zaidi ya hilo la kupumzika. Nilimuuliza kwa sauti ya kawaida kama kuna kilichobaki. Akasema limebaki godoro la mwali tu, na hilo pia mdogo wangu anashughulikia.

Kweli alikuwa anashughulikia. Siku hiyohiyo alinitumia ujumbe wa sauti, anacheka. Ile kuponi kubwa ya mwisho wa msimu, yenye punguzo kuliko zote, niliyompelekea wiki iliyopita, imepata mtu. Mwalimu mgeni amepangiwa kazi Ruangwa, analala kwenye mkeka, keshokutwa anakwenda kuchukua godoro lake. "Hiyo ikitoka, dada, na godoro la mdogo wetu limepatikana." Nikafungua stetasi yake. Kuponi ilikuwa juu ya kitenge, korosho inang'aa, na chini yake ameandika kwamba imeshachukuliwa.

Nilikuwa na akiba yangu ya kununulia godoro, ila haikufika bei. Iliyopungua ilikuwa karibu sawa na lile punguzo. Kuponi zangu zote zilikuwa zimekwenda Ruangwa. Nikaikodolea macho ile korosho, na chini yake niliziona tarakimu nne kana kwamba haikuwepo.

Nilifuta mikono, nikaingia dukani.

Kaunta alikuwepo mama mmoja mtu mzima ninayefahamiana naye, kila siku namtilia chai. Aliuliza kuponi iko wapi. Nikasema nina namba, nikamtajia zote nane bila kukwama. Akabonyeza mashine, ikakubali. Akauliza godoro la nani. Nikasema la mwali wetu, akapiga kigelegele kidogo palepale kwenye kaunta, wateja wakageuka wakatabasamu. Kisha akachukua kalamu nene ya wino mweusi na kuandika ile namba juu ya nailoni ya godoro, kama wanavyofanya kwa kila mzigo wa kuponi, ili mlinzi wa mlangoni ailinganishe na risiti. Niliiangalia kalamu ikitembea. Godoro lilikuwa limenijaa machoni, mengine sikuyaona.

Yule mwalimu wa Ruangwa alikwenda kuchukua godoro lake siku aliyosema. Mambo hayo niliyasoma kwenye kundi. Aliandika kwamba amepanga foleni na karatasi mkononi, ameambiwa mbele ya watu kwamba namba imeshatumika, na mtu wa nyuma yake akamcheka. Akaandika kwamba dada wa kuponi ni tapeli. Wengine aliokuwa akiwaita wapendwa wakaja juu. Mmoja akasema tangu zamani ile korosho alikuwa haielewi.

Nikisema nilihuzunika nitakuwa naongopa. Nilisoma yote, nikarudi juu, nikasoma tena.

Mdogo wangu alimrudishia mwalimu pesa yake siku hiyohiyo, halafu akanipigia. Nilitegemea kilio. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayetafuta kitu sakafuni.

"Dada, ile namba ya kuponi kubwa. Hukumpa mtu mwingine huko?"

"Nimpe nani?"

"Basi mashine yao imekosea."

"Mashine hizo," nikasema.

Kisha akasema godoro litakuwa limemshinda, itabidi amwambie mama mdogo.

"La godoro niachie mimi," nikamwambia. "Usihangaike."

Akanishukuru. Alinishukuru mara mbili, akasema hajui angefanyaje bila mimi, na mimi nikamjibu kwamba mkubwa ni kwa ajili hiyo. Nilisema hivyo, kwa mdomo huu.

Siku ya kumtoa mwali nilifika Lionja mapema, godoro limefungwa juu ya gari la abiria. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, lakini nailoni ililinda. Kwetu godoro la mwali halivuliwi nailoni mpaka mwenyewe alilalie. Hiyo nailoni ndiyo inayoonyesha kwamba halijalaliwa na mwingine. Ningeivua njiani ningeambiwa nimeleta la mtumba. Mama mdogo akalisimamisha ukutani barazani, kila anayepita alione. Wanawake wakalibonyeza kwa vidole, wakauliza unene wake, wakasema mkubwa bado ni mkubwa. Mama mdogo akanivuta pembeni.

"Nilikosea, mwanangu," akasema. "Mkekani ukae wewe. Mdogo wako nitamwambia, wala hatakuwa na neno."

Nilikwenda kuvaa kanga yangu. Nilikuwa nimeipata nafasi yangu na moyo wangu ulikuwa mwepesi, kwa muda wa kutosha kuchambua sinia moja ya mchele.

Mdogo wangu alifika na basi la kutoka Ruangwa, amebeba mkeka mpya wa ukili wa rangi, kaununua kwa ajili ya siku ile. Alinishika mikono yote miwili, akanipa shikamoo, akaniambia nimependeza. Kisha akaenda kuliona godoro. Nilimfuata kwa macho kwa sababu nilitaka aone ni zuri. Alilizunguka, akalipigapiga kwa kiganja. Akasimama. Nikaona kidole chake kinatembea juu ya nailoni, kutoka kushoto kwenda kulia, na hapo ndipo nilipoikumbuka ile kalamu.

Alikuja akakaa karibu yangu kwenye mkeka wa kuchambulia mchele, akavuta sinia yangu upande wake, akaanza kuokota mawe madogo.

"Nne, sifuri, saba, moja," akasema polepole, bila kuniangalia. "Zilikuwa chini ya korosho."

Kisingizio cha mashine nilishakitumia.

"Dada, kama ulitaka kukaa mkekani ungesema tu. Mimi ningekaa wapi mbele yako?"

Angenitukana ningejua pa kumshika. Badala yake alikuwa anaokota mawe. Na ndani yangu kikatoka kitu ambacho sikukitegemea, kitu cha zamani sana.

"Kila kitu changu kinakukaa wewe vizuri," nikamwambia. "Sare. Biashara. Na hili nalo."

Aliacha mchele. "Sare ulinivalisha wewe," akasema. "Nilikuwa nataka ya kwangu mpya kama wenzangu. Nikavaa yako, nikageuka mbele yako ili ufurahi."

Ngoma ilikuwa imeanza upande wa nyuma ya nyumba, na wanawake walikuwa wanajikusanya uwanjani. Mkeka mpya ulishatandikwa. Mama mdogo akaniita, mara ya kwanza kwa mkono, mara ya pili kwa sauti. Nilisimama, nikatembea mpaka ukingoni mwa mkeka, nikavua ndala. Nakumbuka rangi za ule ukili, zambarau na kijani, na jinsi ulivyokuwa bado na harufu ya majani. Kukaa ilikuwa ni kukunja magoti tu.

"Akae mdogo wangu," nikasema.

"Wewe, si tumeshaongea?" mama mdogo akasema. "Mwali yuko njiani."

"Mama mdogo, kuponi iliyotoa lile godoro ilikuwa yake. Alikuwa ameshaiuza kwa mtu. Niliitumia bila kumwambia, mtu wake akaaibika, na yeye akaitwa tapeli."

Sikusema kwa sauti kubwa, lakini wanawake wa mbele walisikia, na wa mbele waliwaambia wa nyuma. Mama mdogo aliniangalia, akaliangalia godoro barazani, akaniangalia tena. Nilidhani atasema jambo la kunimaliza.

"Haya," akasema. "Mwali hasubiri maneno yenu."

Mdogo wangu alikataa kwa kichwa. Alibaki amesimama na kiganja kimejaa mawe ya mchele. Lakini kungwi alishatokea konani, amemshika mwali aliyefunikwa, wanakuja hatua kwa hatua, na mkeka ulikuwa mtupu. Akaja, akakaa, akanyoosha miguu. Mtoto akakalishwa, akaegemea.

Nilisimama upande, kati ya wanaotunza. Ningependa kuandika kwamba kusema kweli kuliniponya. Nilipoona kile kichwa, ambacho nimekisuka kila Jumapili kwa miaka kumi, kimelala kwenye kifua kingine, nilijisikia kama ninavyojisikia kikaango kinaponimwagikia. Nilimwonea wivu mdogo wangu waziwazi, nikiwa nimempisha mwenyewe. Alipomfunua kanga na kumtia mafuta utosini, aliyafuta yaliyochuruzika kwa ncha ya kanga yake, na hata kufuta kwake kulipendeza.

Mwali haruhusiwi kuinua macho. Mtoto aliangalia chini muda wote, kama alivyofundishwa, anaona miguu tu: ya aliyekaa nyuma yake, na ya watu wanaocheza mbele yake. Ilipofika zamu yangu ya kumtunza nilimwekea noti begani na kurudi nyuma. Siku mbili baadaye, akiwa amekaa juu ya lile godoro lililovuliwa nailoni, aliniambia alijua tangu mwanzo kwamba aliyekaa nyuma siyo mimi. Miguu yangu ina makovu madogo ya mafuta ya moto, kuanzia vidoleni mpaka kifundoni. Miguu ile ilikuwa haina kitu.

"Nikakutafuta kwa chini," akasema. "Nilipita miguu ya watu wote mpaka nikaiona. Ndiyo nikatulia."

Nilimwambia aangalie asimwagie godoro chai.

Tuliporudi mjini niliweka ujumbe wa sauti kwenye kundi, kwa kuwa kuandika ningeandika refu. Nikasema namba ya yule mwalimu niliitumia mimi, mdogo wangu hakujua, yeye si tapeli. Msimamizi wa kundi alinitoa mchana uleule, na alikuwa sahihi. Mwalimu mgeni alinunua kuponi nyingine kwa mdogo wangu kabla msimu haujaisha, kwa hiyo halali tena chini. Wateja wengine walirudi, wengine hawakurudi. Mama wa kaunta bado anakunywa chai kwangu, ila sasa mtu akija na namba bila karatasi anamwuliza maswali mawili zaidi, na anaponiona nasikia anaangalia pembeni.

Mwaka huu korosho zimeanza kuuzwa na kuponi zimeanza kutoka. Sikujua kama mdogo wangu atazitaka zangu. Mwenyewe ndiye aliyepiga, akauliza tu bahasha ya kwanza inakuja na basi la saa ngapi, kama hakuna kilichotokea, au kama kilichotokea kimepangiwa mahali pake. Niliziweka ndani, nikaziba. Safari hii nilizigeuza uso chini ili nisizisome. Moja iligeuka mkononi, nikaisoma.

Jana aliweka picha kwenye stetasi. Kitenge ni kilekile, mwanga wa dirisha ni uleule. Lakini safari hii hakufunika tarakimu nne za mwisho. Alifunika zote. Korosho nane amezipanga mstari, kila tarakimu na korosho yake, zimepanguswa zinang'aa, na chini ameandika kwamba kuponi za korosho zipo. Mwalimu wangu wa chai anasema kwenye kundi watu wamecheka sana, wameipenda. Niliiangalia mpaka chai ikamwagikia jikoni. Sikuweza kujua kama ni utani wa watu wote au ni ujumbe kwangu mimi peke yangu. Ila nilikiri moyoni kwamba ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na kwamba wazo hilo lilipaswa kunijia mimi.